Jina la Mama Kwenye Hati ya Shamba



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya uaminifu, malezi ya watoto na sala ya familia. Leo tunakuomba uvumilie kidogo, maana tunataka kuzungumza juu ya karatasi. Ni karatasi ambayo katika nyumba nyingi hukaa ndani ya sanduku, chini ya blanketi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isije ikaloa. Ni hati ya shamba. Swali letu ni jepesi kulitamka lakini ni zito kulijibu: hati hiyo ina jina la nani? Na je, jibu lake linahusu kwa vyovyote sakramenti mliyopeana mbele ya altare?

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Timau. Hawa ni wa mfano tu, lakini nadhani wengi mtawatambua. Mke huamka saa kumi alfajiri, huacha uji kwenye chupa, kisha husimama barabarani kungoja basi la shamba la maua. Baridi ya Timau mnaijua ninyi mnaokaa huko, ile inayoshuka kutoka mlimani na kukataa kutoka mifupani hadi saa tatu. Siku nzima anachuma waridi. Februari inapokaribia, Wazungu wanapotaka maua ya sikukuu ya Mtakatifu Valentino, anarudi nyumbani usiku. Mume analima viazi, anafanya vibarua vya ngano, anatunza ng'ombe wawili. Kwa miaka kumi mke anaweka akiba katika chama cha mikopo. Wanapata ekari mbili. Siku ya kuandikisha, mume anakwenda peke yake, kwa sababu mke yuko kazini, na kwa sababu, kama kila mtu anavyosema, shamba ni la mwanamume.

Miaka inapita. Jioni moja mke anasikia kwa jirani kwamba ekari moja inatafutiwa mnunuzi. Anapouliza, anajibiwa: "Mama watoto, mimi nilipeleka ng'ombe kwenu. Mila yetu unaijua. Na hata Biblia inasema mimi ndimi kichwa."

Angalia jinsi jibu hilo lilivyojengwa. Lina nguzo tatu: mahari, mila na Biblia. Tuanze na ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi Wakristo, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi.

Maneno ya kichwa yanatoka katika barua kwa Waefeso, sura ya 5. Wanaume wengi wanakijua kwa moyo kifungu hicho kuanzia mstari wa 22, wake wanapoambiwa wawatii waume zao. Hebu fungua Biblia yako urudi nyuma mstari mmoja tu. Mstari wa 21 unawaambia Wakristo wote watiiane, kwa kumcha Kristo. Wataalamu wa Maandiko wanatueleza kwamba katika nakala za kale sana za Kigiriki, mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake. Unakiazima kutoka mstari wa 21. Yaani utii wa mke ni sehemu ya utii wa wote kwa wote. Kisha hesabu mwenyewe. Wake wanaambiwa yao katika mistari mitatu. Waume wanaambiwa yao kuanzia mstari wa 25 karibu hadi mwisho wa sura, na wanachoambiwa ni kupenda kama Kristo aliyejitoa nafsi yake. Kichwa hicho kilivikwa taji la miiba. Sijawahi kusikia mwanamume akidai ukichwa wa namna hiyo wakati wa kuuza shamba.

Lazima tukiri kwamba Kanisa lenyewe halikusema hivi sikuzote kwa sauti moja. Papa Pius wa 11, katika waraka wake juu ya ndoa wa mwaka 1930, alisisitiza ukuu wa mume nyumbani, ingawa aliongeza kwamba utii wa mke haumwondolei uhuru wala heshima yake. Wengi wa wazee wetu walifundishwa hivyo katika katekisimu, nao wakasikia ile sehemu ya kwanza tu. Lakini mwaka 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya kitume juu ya hadhi ya mwanamke, alieleza wazi kwamba katika ndoa utii si wa upande mmoja. Mume na mke wanatiiana. Katika barua hiyohiyo alitazama yale maneno ya Mwanzo 3:16, kwamba mume atamtawala mke, akafundisha kuwa hayo ni jeraha lililoletwa na dhambi. Siyo mpango wa Mungu wa tangu mwanzo. Papa Fransisko naye, katika wosia wake juu ya upendo katika familia wa mwaka 2016, alisema kwamba Paulo alitumia lugha ya utamaduni wa wakati wake, na kwamba sisi hatukuitwa kuvaa utamaduni huo bali kupokea ujumbe uliomo ndani yake.

Kuna neno jingine ambalo Kiswahili chetu kimeliponza bila kukusudia. Mwanzo 2:18 inamwita mwanamke msaidizi. Sisi tukisikia msaidizi tunamfikiria naibu, au yule msichana wa kazi, mtu wa kushika tochi mwenye nyumba akifunga lango. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni lilelile linalotumika mara nyingi kwa Mungu mwenyewe, kama katika Zaburi ya 121, mtu anapoinua macho milimani akitafuta msaada. Na ninyi mnaoamka kila siku mkiutazama Mlima Kenya mnaielewa Zaburi hiyo kuliko wengine. Je, Mungu ni naibu wetu?

Na kwa kuwa kwenye harusi tunapenda sana kusomewa Mithali sura ya 31, tuisome basi mpaka mwisho. Yule mke mwema hafumi na kupika tu. Mstari wa 16 unasema anaangalia shamba, analinunua, na kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Mstari wa mwisho unaagiza apewe matunda ya kazi yake. Hesabu sura ya 27 nayo inasimulia mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa ardhi, na Mungu akasema wana haki. Ni kweli kwamba sura ya 36 inawawekea sharti la kuolewa ndani ya kabila lao, ili ardhi isihame. Wazee wa ukoo hawakukosa hata enzi hizo! Lakini haki yenyewe haikufutwa.

Sasa tuje kwenye mila, na hapa naomba tuwe wakweli. Mila ya nani, na ya lini? Kwa desturi ya Wameru na Wakikuyu, ardhi ilikuwa ya ukoo, na mke alikuwa na sehemu yake ya kulima ambayo mume hakuiuza kwa siri, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuuzia. Karatasi ililetwa na serikali ya kikoloni. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusanya vipande vya mashamba huko Nyeri, Meru na kwingineko, ukatoa hati za mtu binafsi, na kwa kawaida mtu huyo alikuwa mwanamume aliyehesabiwa kuwa mkuu wa nyumba. Hivyo basi, anayesema kwamba hati kuwa na jina la mume peke yake ni mila ya mababu, anaita mila kitu kilichoandikwa na karani wa Mwingereza, tena wakati ambao baadhi ya watu wazima wa leo walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Kwa Timau jambo hili lina uchungu wa pekee. Ardhi hiyo ilikuwa katika zile nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliruhusiwa kulima hapo, kukamua ng'ombe na kuchunga kondoo wa mlowezi, lakini mpaka karibu na uhuru wa mwaka 1963 hakuweza kuandikwa kuwa mwenye ardhi. Jasho lake lilikubaliwa na jina lake likakataliwa, kwa sababu ya rangi ya ngozi. Babu zetu waliita jambo hilo dhuluma, na walikuwa na haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, namba 29, unafundisha kwamba ubaguzi katika haki za msingi za mtu ni kinyume cha mpango wa Mungu, nao unataja jinsia na rangi pamoja, katika sentensi moja. Mpendwa baba unayesoma ukurasa huu, huwezi kuichukua nusu ya sentensi hiyo na kuiacha nusu. Yule mama anayechuma waridi, jasho lake linakubaliwa. Vipi jina lake?

Maaskofu wa Afrika nao walilitazama jambo hili. Sinodi ya mwaka 1994 ililipa Kanisa la bara letu jina la Familia ya Mungu, na katika wosia uliofuata, mwaka 1995, zimelaaniwa mila zinazomnyima mwanamke haki na heshima yake. Wanawake wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1989 wanateolojia wa kike wa Afrika walikutana Accra, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, wakaanza kuandika juu ya Biblia na mila kwa macho ya wale wanaozibeba mila hizo mgongoni. Hapa Kenya, Sista Anne Nasimiyu-Wasike wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko aliandika hivyo juu ya ndoa za wake wengi. Utamadunisho haumaanishi kupaka maji ya baraka juu ya kila desturi.

Juu ya mahari sina mengi. Kanisa halikatazi mahari, nayo ikitolewa kwa kiasi na kwa moyo inaunganisha koo mbili. Lakini ng'ombe wale walikuwa shukrani. Baba mkwe hakuandika risiti ya mauzo.

Na sheria ya nchi inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba mchango si fedha peke yake. Kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba la familia vyote vinahesabiwa. Sheria hiyo pia inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hata hivyo wanawake wasidanganyike kwamba kila kitu kitagawanywa nusu kwa nusu bila maswali. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake. Kwa hiyo mama, tunza karatasi zako za mshahara na kitabu cha chama, pamoja na kumbukumbu za fedha ulizotuma kwa M-Pesa. Si kwa sababu humpendi mumeo. Hata mahari yenyewe huandikwa daftarini, na hakuna anayeona kuwa ni chuki.

Kama mnaelewana, kazi ni fupi. Kaeni jioni moja watoto wakiwa wamelala, mtoe ile hati sandukuni, muisome pamoja. Kisha mwende wote wawili kwenye ofisi ya ardhi na vitambulisho vyenu na cheti cha ndoa, mwombe iandikwe kwa majina mawili. Waliofunga ndoa na hawakuwahi kuchukua cheti wamwendee paroko. Wale wanaokaa pamoja bila ndoa wajue kwamba mama ndiye anayebaki bila ushahidi siku mambo yakiharibika.

Kama mume anakataa, usianze na vita. Mtafute mtu anayemheshimu, awe msimamizi wenu wa ndoa, katekista au mzee wa jumuiya ndogo ndogo, mzungumze akiwepo. Lakini kama unasikia kwamba mnunuzi amekwisha kupatikana, usingoje kikao cha jumuiya. Sheria inamruhusu mwenye maslahi katika ardhi kuomba zuio liandikwe kwenye rejista, na mke ana maslahi. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Nenda siku bodi inapokaa, ujulikane sura. Yamesikika visa vya waume waliofika pale na mwanamke wa kukodi akijiita mke. Wajumbe wakikujua, mwanamke wa kukodi hatakaa kwenye kiti chako.