Gari la Umeme: Siku za Kazi na Siku ya Matembezi

Swali la kwanza la mnunuzi huwa, "Linakwenda kilomita ngapi?" Jibu hutegemea ni nani aliyepima. Chukua mfano wa Nissan Leaf lenye betri ya yuniti 40. Lilipozinduliwa mwaka 2017, lilitangazwa nchini Japan kuwa hufika kilomita 400. Marekani, kwa kipimo kikali zaidi, gari hilohilo lilipewa 243. Hakuna aliyesema uongo, ila kila nchi ina namna yake ya kupima. Mnunuzi wa Nairobi anayesomewa tarakimu ya kwanza hana budi kujua kwamba ya pili ipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya humpa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayoyahitaji. Yadai, tena kwa maandishi.

Gari lililokwisha kutumika lina jambo zito zaidi: betri huchakaa. Kwenye dashibodi ya gari hilo kuna vijiti 12 vya kuonyesha afya ya betri, na kijiti cha kwanza hutoweka betri ikiwa imekwisha kupoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Hata hivyo, kipimo hicho huweza kuchezewa. Kabla ya kulipa, mwombe fundi asiyehusiana na muuzaji asome kompyuta ya gari, kisha uliendeshe mwenyewe kilomita 20 ukitazama chaji inavyoshuka. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwa safari za kazini za mjini hakuna shida kubwa: gari huchajiwa usiku, kama simu. Tangu 2023 Kenya ina bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari. Angalia tu soketi yako. Ekstensheni nyembamba hupata moto ikipitisha umeme mwingi kwa saa nyingi, na nyumba zimeungua kwa uzembe mdogo kuliko huo.

Siku ya matembezi ndiyo hutaka hesabu. Tuseme familia inatoka Nairobi kwenda Hell's Gate, kupitia Naivasha: karibu kilomita 110, kwenda na kurudi 220. Betri yao ya yuniti 40 imebaki na asilimia 80, yaani yuniti 32. Kila kilomita ikila yuniti 0.17, watafika wakiwa wametumia 18.7 na kubaki na 13.3. Kurudi kunataka 18.7 nyingine. Hazitoshi, na barabara ya Limuru si mahali pa kukwama na watoto jioni.

Wakitaka kufika nyumbani na akiba ya moja ya tano, wanahitaji kuongeza yuniti 12 hivi. Soketi ya kawaida ya ukutani, ikitoa ampea 10, itachukua karibu saa sita, kwa kuwa umeme kiasi hupotea njiani. Basi gari liegeshwe hotelini saa nne asubuhi, wao wakodi baiskeli (mbuga hiyo huziruhusu), wale chakula bila haraka, waondoke saa kumi jioni. Mwendo wa namna hii wengine huuona adhabu. Sisi twauona mapumziko.

Mlima nao una hesabu yake. Kulipandisha gari la kilo 1,600 mita 400 huchukua karibu yuniti 1.75 kwa ule upandaji pekee. Sehemu ya umeme huo hurudi gari likiteremka, kwani mota hugeuka kuwa jenereta. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuupokea, na breki za kawaida hubeba mzigo wote. Anayechajia Limuru na kuteremkia Bonde la Ufa aache nafasi kidogo.

Hatimaye, ipigie hoteli simu siku moja kabla. Uliza kama soketi iko karibu na maegesho, kama jenereta yao huihudumia umeme ukikatika, na malipo ni kwa yuniti au kwa saa. Andika jina la aliyekujibu.