Uji wa Mtoto Usiwe Maji



Leo tuzungumze juu ya uji wa mtoto. Najua utasema, uji nani asiyeujua? Hata mimi nilidhani naujua.

Siku moja ya kliniki mama mmoja alimleta binti yake kwenye zahanati ninayofanyia kazi, hapa Buhare, Musoma. Mtoto alikuwa na umri wa miezi tisa. Nilimpima, nikaona kilo 6. Nikaangalia kadi yake. Mwezi uliopita alikuwa na kilo 6, na mwezi wa kabla yake pia kilo 6. Mstari wa kadi ya mtoto hutakiwa kupanda. Wa huyu ulikuwa umelala.

"Mama, unampa mtoto chakula gani?" nilimwuliza.

"Nampa uji, daktari. Mara tatu kwa siku, na ziwa langu juu yake."

Sikumwamini. Nilimwambia kwa sauti kali kwamba mtoto anayekula mara tatu hawezi kuwa hivi. Mama alinyamaza, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake.

Wiki iliyofuata nilipita nyumbani kwao. Mama mkwe wake alikuwa jikoni anakoroga uji. Niliona kwa macho yangu kwamba mama yule alikuwa amesema kweli. Mtoto alipewa kikombe kizima, akanywa mpaka akafunga mdomo. Lakini uji wenyewe ulikuwa wa muhogo mtupu, tena mwepesi, unamiminika kama maji. Nilimwomba mama yule radhi. Mama mkwe akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe kupika ulijifunza wapi?" Swali zuri. Cheti changu hakisemi lolote juu ya kupika.

Sasa tuone kosa lilikuwa wapi. Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 6 au 7 akinywa kikombe kidogo, chini ya robo lita, amejaa. Ukiweka vijiko viwili vya unga katika kikombe cha maji, umempa maji yenye rangi ya uji. Ukiweka vijiko vitano, kikombe kimoja kinampa chakula zaidi ya vikombe viwili vya uji ule mwepesi. Basi mtoto wa uji mwepesi hushiba, lakini hakui. Hali hata hivyo, kwa maana tumbo limejaa. Ndiyo sababu mama haoni hatari.

Kosa la pili ni muhogo peke yake. Muhogo hutia nguvu, lakini haujengi mwili. Na muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vizuri una sumu. Wazee wa mkoa huu wa Mara wanaweza kukumbuka ukame wa mwaka 1985, jinsi watu kule Tarime, hasa akina mama na watoto, walivyopooza miguu kwa kula muhogo ambao haukuandaliwa vizuri. Kwa mtoto tumieni ulezi, mtama au mahindi.

Tupike. Chukua kikombe kimoja cha maji, vijiko vitano vya chakula vya unga wa ulezi, kijiko kimoja cha unga wa dagaa na kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa. Dagaa wanaoanikwa chini hubeba mchanga, kwa hiyo waoshe vizuri, uwakaushe, uwakaange bila mafuta, uwatwange na kuchekecha. Karanga yenye ukungu itupe, hata kama ni moja, maana ukungu huo ni sumu. Koroga uji na uuchemshe mpaka uive. Kama una maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, tia kidogo.

Uji huu utakuwa mzito, na mtoto anaweza kuukataa. Hapo yule mama mkwe alinishinda. Nilipomweleza kwamba kimea hulainisha uji, alisema, "Hicho cha pombe?" Ndicho hicho. Alikuwa nacho ndani! Kimea cha ulezi hutengenezwa hivi: loweka ulezi usiku kucha, utandaze kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike juani, uusage. Usitumie mtama kwa kazi hii, kwa kuwa chipukizi za mtama zina sumu. Uji ukiiva, uepue, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache uji mzito unakuwa laini, na chakula chote kimo ndani yake. Urudishe motoni uchemke tena, kisha upoe ndipo umpe mtoto. Wala hatalewa, kwa sababu haukuachwa uchache.

Lini tuanze? Zamani wataalamu walisema kati ya miezi minne na sita. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linasema anyonye tu mpaka atimize miezi sita, bila hata maji. Baada ya hapo anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, ukiongeza polepole. Akifika miezi tisa ale nusu kikombe, mara tatu au nne. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Siyo uji tu. Kiazi kitamu kilichopondwa na mchicha, ndizi na maharage yaliyomenywa maganda, papai, yai lililoiva, vyote vinafaa. Na ninyi akina baba, jambo moja. Sisi tunakaa kando ya ziwa. Sato akipikwa, baba hula mnofu na mtoto hupewa mchuzi. Mchuzi ni maji yenye harufu ya samaki. Mpe mtoto mnofu, umetolewa miiba na kupondwa.

Binti yule alipimwa tena mwezi uliofuata, akawa na kilo 6 na gramu 400. Mwezi wa pili, kilo 6 na gramu 800. Bado yuko chini ya wenzake, lakini mstari umeinuka. Mtoto ambaye mstari wake umelala miezi miwili, au amevimba miguu, au amekataa kabisa kula, mleteni kituoni siku hiyo hiyo. Msingoje siku ya kliniki.

Mkisoma pamoja, jadilini haya: Katika nyumba yako, vijiko vingapi vya unga huingia katika kikombe cha uji wa mtoto? Nani hupewa mnofu wa samaki? Na kimea kilichoko ndani ni cha nani?