Dondoo muhimu: Kuchagua chuo cha muziki na maigizo

Kwa mhitimu wa sekondari wa Samuye, Shinyanga, mwenye kipaji cha jukwaani, mambo ya kupima ni haya:

• Ngazi: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, hutoa astashahada na stashahada. Shahada hutolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

• Mkazo: TaSUBa huchanganya ngoma, muziki na maigizo; Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, huegemea muziki, taarabu ikiwemo.

• Ithibati: Vyuo vya kati huthibitishwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

• Gharama: Ada hujumlishwa na nauli, malazi na chakula.

• Jukwaa: Maonyesho ya mara kwa mara hukomaza msanii. Anayejua tayari kucheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, huingia na mtaji.