Corvette Nyekundu Iliyonirudishia Mzigo

Wauzaji wenzangu, leo nawapa somo lililonitoa pesa mfukoni.

Mimi niko Michenzani, nauza mtandaoni vigari vya mapambo, vile vya kuweka kabatini. Mwezi uliopita nikaposti kimoja chekundu: "Corvette ya 1953, injini V8". Mwaka niliubahatisha tu. Mteja wa Dar akalipa, mzigo ukapanda boti. Siku ya tatu simu: "Kaka, hiki si cha 1953. Naomba pesa yangu." Nikarudisha, na gharama za mzigo kwenda na kurudi zikawa juu yangu.

Ndipo nikakaa nikasoma. Corvette ilioneshwa kwanza New York, Januari 1953, na mwaka ule zikatengenezwa 300 tu, kule Flint, Michigan. Zote nyeupe, viti vyekundu. Nyekundu hata moja hamna! Injini silinda 6, gia otomatiki za hatua mbili. Bodi si bati, ni faiba, kama boti zetu hizi za uvuvi. Kutengeneza kalibu za kukandamiza bati ni ghali na kunachukua muda, na wao walitaka gari chache, haraka.

Sasa sikilizeni, maana hapa nilijiona mwenyewe. Gari iliuzwa dola 3,498 kwa sura ya gari ya mbio, lakini mwendo wake haukufanana na sura. Madirisha ya pembeni yalikuwa ya plastiki ya kuchomeka, mvua ikinyesha maji ndani. 1954 wakatoa 3,640, nyingi zikawadodea. 1955 wakatengeneza 700 tu, biashara ikawa inakata roho. Kilichoiokoa ni V8, iliyoingia mwaka huo huo wa 1955, na mhandisi Zora Arkus-Duntov aliyeishughulikia mpaka ikawa gari ya mbio kweli.

Kwa hiyo V8 yangu ya 1953 haikuwepo duniani. Tena yule mteja alijua kwa kuangalia ubavuni tu: kigari kina bonde nyuma ya tairi la mbele, na bonde hilo lilianza 1956.

Nikakigeuza chini. Kimeandikwa 1957, tangu siku ya kwanza!

Nimeposti upya: "Corvette ya 1957, V8, nyekundu, ina mkwaruzo mdogo mlangoni", na picha ya chini nimeweka. Yule wa Dar kaiona. Kalaiki tu, hajaagiza.