Mume Wangu Akisikia "Shida" Hunyamaza

Mwanasaikolojia na mshauri wa ndoa mjini Morogoro anajibu barua za wasomaji kuhusu nyimbo zinazoamsha mapenzi yaliyopita.

Mji uliozaa bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz haukosi watu wa kulia na redio. Barua ni nyingi, nami nimechagua zilizonikera na zilizonitia wasiwasi. Wanaouliza kama ni kawaida wimbo kumkumbusha mtu mpenzi wa zamani: ni kawaida. Tuendelee.

Shikamoo mshauri. Mume wangu anakaribia miaka sabini. Akisikia "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe hunyamaza, hata kama tuko mezani. Nikimuuliza, anasema hakuna kitu. Je, bado anampenda mwanamke wa zamani? (Barua za namna hii zimetoka Kihonda, Mwembesongo, Mji Mpya na Mzumbe. Ninazijibu pamoja.)

Marahaba, dada zangu. Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya mkoa. Watu wameshakata shauri kwamba chozi la wimbo ni ushahidi: amelia, basi anampenda, amenyamaza, basi anamficha. Kuna ndoa zimefikishwa kwa washenga kwa sababu ya gitaa la solo. Nitaeleza taratibu ili nisiulizwe tena mwezi ujao.

Mwulize mzee yeyote akutajie mambo anayoyakumbuka vizuri katika maisha yake. Mengi yatatoka kati ya miaka kumi na thelathini ya umri wake. Hilo limeonekana katika tafiti za nchi nyingi. Ni miaka ya mambo ya kwanza: mshahara wa kwanza, safari ya kwanza mbali na kwa mama, barua ya kwanza iliyofichwa chini ya godoro. Nyimbo zilizovuma miaka hiyo ziliingia pamoja na hayo yote. Mpenzi alikuwemo, lakini na kazi ilikuwemo, na marafiki ambao leo wamezikwa, na magoti ambayo yalikuwa hayaumi.

Kwa hiyo mumeo akinyamaza, kitu kikubwa kilichorudi ni yeye mwenyewe alipokuwa na miaka ishirini. Mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwasikilizisha wanafunzi vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Katika matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2007, kwa wastani takriban nyimbo tatu katika kila kumi ziliamsha kumbukumbu ya maisha ya msikilizaji, na hisia zilizokuja nazo kwa kiasi kikubwa zilikuwa za kupendeza. Mwaka 2009 akaonyesha kwa picha za ubongo kwamba sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, huchangamka wimbo unapogusa kumbukumbu hizo. Sehemu hiyohiyo hufanya kazi mtu anapojifikiria. Anapojifikiria yeye, dada zangu.

Hamniamini? Fanyeni jaribio. Siku nyingine pigeni wimbo wa miaka ileile usiohusiana kabisa na mapenzi. Msomaji mmoja wa Matombo anasema wimbo unaomkumbusha mchumba wake wa kwanza ni "Dr. Kleruu" wa Morogoro Jazz. Huo ni wimbo wa kumwombolezea Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971! Hauna busu wala ahadi. Ulivuma mwaka ambao yeye alikuwa kijana, basi.

Swali la kumuuliza mume si "ni nani huyo?" Muulize: "Wakati ule ulikuwa unaishi wapi, unafanya kazi gani?" Atazungumza saa nzima, na huyo mwanamke akitajwa atatajwa katikati ya habari za kiwanda na mpira. Kama anapigiwa simu usiku wa manane, hilo ni jambo lingine, na Mbaraka hahusiki.

Nilikutana na mchumba wangu wa kwanza mwaka 1970 tukicheza Super Volcano. Nakumbuka hadi rangi ya gauni. Mke wangu anasema ninabuni. Mwambie.

Mkeo ana haki. Mwaka 1970 Mbaraka alikuwa bado na Morogoro Jazz, na ndio mwaka aliokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Super Volcano aliiunda mwaka 1973. Ama mwaka si huo, ama bendi si hiyo.

Sikuiti mwongo. Kumbukumbu haikai kama santuri kwenye jalada. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake mjini New York walionyesha kwamba panya anapokumbushwa hofu aliyojifunza, kumbukumbu ile hulegea kwa muda na lazima ubongo uihifadhi upya. Tangu hapo wataalamu wengi wanaamini kwamba nasi, kila tukikumbuka, tunapata nafasi ya kubadili. Ni nyumba ya udongo inayokandikwa kila kiangazi: kwa jina ni ileile, lakini udongo wa mwaka ule umeshaisha. Umemkumbuka binti yule kwa miaka hamsini na zaidi, ukimrekebisha kila mara. Gauni nalo silidhamini. Usimtafute ili kuthibitisha. Aliyepo leo hamfahamiani.

Wimbo wetu ukinijia ghafla kichwani, maana yake naye ananiwaza?

Hapana. Maana yake bodaboda mwenye spika amepita.

Ni kweli Mbaraka aliimba kifo chake, na ndiyo maana nyimbo zake zinaumiza kuliko za wengine? (Wameuliza wengi mno.)

Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye aliuawa na ajali ya gari, mwaka 1965. Mkitaka kuogopa kitu, ogopeni mwendo kasi.

Nimeona tangazo kwenye nguzo ya umeme karibu na Msamvu: mtaalamu anarudisha mpenzi aliyepotea. Nilipompigia akaniambia nitaje wimbo tuliokuwa tukiupenda, nitume na hela, naye atausomea dua. Nimeshatuma mara mbili. Nitume ya tatu?

Usitume hata shilingi! Huyo hasomi chochote. Amekuuliza wimbo kwa sababu anajua kitakachotokea: utakwenda kuusikiliza usiku, utalia, na utaamini kwamba dawa imeanza kufanya kazi. Dawa ni masikio yako mwenyewe, nawe umeyalipia.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusajili waganga. Muulize mtu wako namba ya usajili, usikilize atakavyokata simu. Kisha peleka ujumbe wa miamala polisi. Ninakerwa na matapeli hawa kwa sababu hawamwendei mtu mwenye furaha. Wanamsubiri aliyeachwa, wiki ileile asiyolala.

Tuliachana nikiwa chuoni. Wimbo wetu ulikuwa "Sumu ya Penzi" ya Belle 9. Nimeufuta kwenye simu, lakini nikiusikia saluni nashindwa kusimama. Nifanyeje?

Umefanya kinyume cha kinachosaidia. Wimbo huwa na nguvu ya kumwita mtu mmoja ikiwa umefungwa na mtu mmoja. Ukifungwa na mambo ishirini, kila jambo hupata kipande kidogo tu. Wewe umeuficha, kwa hiyo umebaki wa yule kijana peke yake, mzima kama siku mliyoachana.

Tazama wazee wetu. Santuri za bendi zetu zilikuwa zikichapwa Nairobi, na si kila nyumba ilikuwa na gramafoni. Mtu alisubiri Redio Tanzania Dar es Salaam ipige wimbo wake, au alikwenda dansini. Aliusikia mara chache, mahali fulani, na mtu fulani. Ndiyo maana wimbo uliopotea redioni kwa miaka arobaini humkuta mzee hajajiandaa, ilhali ule unaopigwa kila Jumapili baa haumwambii kitu.

Basi urudishe wimbo huo kwenye simu. Upige mchana, ukideki, ukikatakata mboga, ukiwa kwenye gari kwenda Mgeta. Usiupige usiku, peke yako, na chupa mezani. Baada ya wiki kadhaa utakuwa pia wimbo wa kudeki. Belle 9 ni kijana wa hapahapa Morogoro. Si haki umwachie mwanamume mmoja muziki wake wote.

Lakini kama huli, hulali, au unafikiria kufa, achana na habari za nyimbo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa leo, uwaambie unahitaji mtu wa afya ya akili. Hakuna aibu hapo.

Nilizaliwa mwaka 1996. Kwa nini nyimbo za Juma Kilaza zinanitia simanzi ya mapenzi ambayo sikuyaishi?

Kwa sababu mtu fulani alizipiga nyumbani ulipokuwa mdogo. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti uliofanywa kwa vijana wa takriban miaka ishirini. Waligundua kwamba vijana hao walikuwa na kumbukumbu na hisia kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao, na hata za zamani zaidi, za wakati wa babu na bibi. Simanzi yako huenda ni ya baba yako akinyoa ndevu asubuhi.

Na kwa kuwa umemtaja: Kilaza aliiongoza Cuban Marimba baada ya Salum Abdallah. Wanaopandisha nyimbo zake kwenye intaneti kwa jina la Mbaraka waache. Morogoro ilikuwa na bendi mbili zilizoshindana vikali, na wapenzi wa kila upande hawakuwa tayari kuchanganywa. Ukirithi wimbo, rithi na jina la mwenyewe.

Nimempata Facebook. Nimtumie wimbo wetu, salamu tu?

Umeoa? Ameolewa? Usitume.

Tunafunga ndoa Desemba. Tuchague wimbo gani wa kuingilia ukumbini, tuukumbuke hadi uzeeni?

Si huo ambao MC amewapigia maharusi wote wa Kichangani mwaka huu. Huo ni wa kila mtu, na baada ya miaka kumi hautakuwa wenu. Chagueni mnaoupenda wawili, hata kama wageni hawaujui. Msiufanye mlio wa simu. Na kabla hamjaupeleka kwa DJ, kila mmoja amwulize mwenzake: huu uliwahi kuwa wimbo wako na mtu mwingine? Akisita, chagueni mwingine, na msigombane.