Kumtembelea Mfanyabiashara wa Nafaka Tunduma

Mwongozo huu ni wa mgeni anayekwenda Tunduma kununua mahindi au mchele kwa mara ya kwanza. "Mwenyeji" ni mwenye mzigo. "Saa ya Tunduma" ni saa ya Tanzania. Nakonde, upande wa Zambia, wako nyuma kwa saa 1. Beba simu, daftari na kalamu 2. Usiruke hatua.

1. Zima saa ya simu inayojirekebisha yenyewe. Simu ikinasa mnara wa Zambia, saa hurudi nyuma kimyakimya. Hakiki kwa kuuliza saa dukani.

2. Piga simu kuthibitisha miadi: "Saa nne asubuhi, saa ya Tunduma." Hakiki: mwenyeji ayarudie maneno hayo.

3. Salimia kabla ya kukaa. Anza na mzee kuliko wote, hata kama mzigo si wake: "Shikamoo." Subiri "Marahaba", ndipo umgeukie anayefuata. Toa mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko cha huo wa kulia. Ulizia nyumbani, kazi na mvua. Bei bado. Hakiki: mwenyeji mwenyewe aulize kilichokuleta. Asipouliza, endelea na mvua. Songwe, mkoa ilipo Tunduma, ni wa wakulima: maongezi hayo hayataisha.

4. Nawa chakula kikiletwa. Kama umeshiba, sema hivyo, kisha onja matonge machache kwa mkono wa kulia.

5. Taja sarafu na kipimo kwa pamoja. Hapa ndipo watu hukosana, maana shilingi na kwacha zote zinapita mpakani, na gunia si kipimo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imekatazwa kisheria. Usiiombe hata kwa utani. Uliza: "Kilo 1 shilingi ngapi?" Mkikubaliana, sema "Tupime", bila kueleza sababu. Kagua stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Muda wake uwe haujaisha. Soma mizani tupu: ionyeshe 0. Pima kila gunia, andika kilo zake. Hakiki: mpe mwenyeji kalamu ya pili, kila mmoja azidishe jumla ya kilo kwa bei. Majibu yakitofautiana, rudieni hesabu. Fedha ibaki mfukoni.

6. Lipa mkiwa mmekaa. Hesabu noti kwa sauti, pokea risiti kwa mikono miwili.

7. Aga: "Naomba niage." Usinyanyuke kabla hajaitikia. Akikusindikiza, tembea polepole: bei ya mzigo ujao mara nyingi hutajwa njiani.