Nafasi ya Mwanamke katika Mighani: Fumo Liyongo

Liyongo anasifiwa kwa nguvu zake, lakini je, ni nani waliomwokoa gerezani? Ni wanawake wawili. Mamake alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa akijua walinzi wangeudharau. Saada, kijakazi, ndiye aliyeufikisha. Mwanamke hapa amesawiriwa kuwa mwerevu na jasiri. Hata hivyo, sifa anaachiwa shujaa.

Tanbihi: Usiandike tu kuwa mwanamke ni mwerevu. Taja tendo linalothibitisha hoja, la sivyo utapoteza alama.

Zoezi: Ikiwa uko Kibabii au kwingineko Bungoma, mwombe nyanya akusimulie kisa cha Mango, shujaa wa Wabukusu aliyeua joka. Wanawake wamepewa nafasi gani? Walinganishe na mamake Liyongo.